Saa ya Cape, mpaka wa Songwe

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890 uliupitisha mpaka kwenye mdomo wa Mto Songwe, ambako leo ndiko mwisho wa Wilaya ya Kyela. Kutoka Ziwa Nyasa uliupanda mto hadi unapokutana na longitudo ya nyuzi 33 mashariki, kisha ukaelekea Ziwa Tanganyika. Mto ulionekana. Mstari wa 33 haukuonekana popote.

Latitudo haikuwa na taabu kubwa: mpimaji alipima kimo cha nyota inapofika kileleni mwa njia yake, akapiga hesabu. Longitudo ni suala la saa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, hivyo tofauti ya saa za mahali pawili ndiyo tofauti ya longitudo zao. Kwa latitudo ya Kyela, kukosea sekunde moja ni kukosea takriban mita 460. Dakika moja, kilomita 27 hivi. Saa ya kronomita iliyosafiri wiki kadhaa mizigoni haikuaminika kiasi hicho.

Tume ya pamoja ya kupima mpaka ilipoingia kazini 1898, ikiwa na Kapteni Close kwa Waingereza, na Kapteni Herrmann na mwanafalaki Kohlschütter kwa Wajerumani, waya wa telegrafu ulikuwa umeshafika ufukwe wa Nyasa. Kwa waya huo tume ilibadilishana ishara za saa na Kituo cha Falaki cha Cape, Afrika Kusini, kilichoanzishwa 1820 na wakati huo kikiongozwa na David Gill. Katika mbinu hii kila upande huisahihisha saa yake kwa nyota za angani kwake, kisha ishara hupigwa kwenda na kurudi, ili ucheleweshaji wa waya ujifute wenyewe. Aliyesimama juu ya mstari wa 33 angeikuta saa yake imeitangulia ya Cape kwa dakika 58 na sekunde chache. Kutoka ufukweni vipimo vilisogezwa bara kwa pembetatu, kilima hadi kilima.

Gill mwenyewe alikuwa fundi saa wa Aberdeen, akitazama nyota kwa ridhaa kabla haijawa kazi yake.

Makubaliano ya mpaka uliopimwa yalitiwa saini Berlin, Februari 23, 1901. Mto haukusaini. Kwenye tambarare ya Kyela, Songwe huhama mkondo baada ya mafuriko, na shamba la huku hujikuta ng'ambo. Kutuliza mkondo huo ni miongoni mwa malengo ya mpango wa pamoja wa bonde la Songwe wa Tanzania na Malawi.