"Utengano" na Binti wa Upareni

Ndugu msomaji, riwaya ya Utengano ya Bwana Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, ilitoka mwaka 1980, na katika nyumba nyingi za mwambao watoto wameisoma. Humo yumo Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na babake, Bwana Maksuudi, hata alipotoka akaangukia danguroni kwa Mama Jeni. Sifa kubwa ya kitabu ni kuwa mwandishi hakumtwika binti lawama yote. Amemwonyesha mzee anayelinda mlango hali mwenyewe hajilindi. Wanaume wengi hawapendi kuisoma sehemu hiyo, nami naona ndiyo bora kuliko zote.

Lakini kichukue kitabu hicho hadi Same, chini ya milima ya Upare, utaliona pengo lake. Maimuna alitoroka. Binti wa Gonja au Mamba anayechukuliwa na dalali hatoroki, huagwa. Huja mwanamke mwenye mtandio na salamu nzuri, pengine shangazi au jirani wa zamani, akaahidi kazi ya nyumbani Mombasa na cherehani ya kurudi nayo. Baba hushika nauli, mama hufunga kanga mbili. Kisha ni basi la Holili na kuvuka Taveta, au njia za kandokando ya Ziwa Jipe, penye mpaka ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886 pasi na kumwuliza Mpare wala Mtaveta. (Watu wa pande mbili huoana na kuuziana ndizi, na hilo si kosa.) Huko aendako, mshahara hukatwa "deni la nauli", na wengine huishia kule kule kwa Mama Jeni.

Mama Jeni tunamjua tangu mlangoni. Huyu wa salamu riwaya haikumchora. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 imemtaja: anayemchukua mtu kwa hadaa ana hatia, na ridhaa ya mtoto haihesabiwi, ingawa hadi mwaka 2022 mwenye fedha aliweza kulipa faini akaenda zake. Nayo Suratun Nuur, aya ya 33, imewakemea wanaowalazimisha vijakazi uzinzi kwa chumo la dunia, na waliolazimishwa imewataja kwa maghufira.

Basi, msomaji, yule binti afuaye uani kwako, nauli yake ulimkabidhi nani?