Tanzanite kwenye diski ya mkataji

Tanzanite ni zoisaiti yenye vanadiamu, nayo huchimbwa kibiashara mahali pamoja tu duniani: Mirerani, wilayani Simanjiro, mkoani Manyara. Iligunduliwa mwaka 1967, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ikaipa jina inalojulikana nalo. Kwa anayekata vito kwa burudani, jiwe hili ni mtihani mkubwa kuliko kwatzi au ganeti, na sehemu ngumu ya mtihani huja kabla mashine haijawashwa.

Fuwele ghafi huonyesha rangi tatu, kila moja kwa upande wake: buluu, zambarau, na kahawia au kijani cha manjano. Joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi huifuta ile ya tatu. Mawe mengi sokoni yamekwishapitia tanuri; anayepasha mwenyewe hulichonga kwanza jiwe kwa makadirio na kuziondoa sehemu zenye nyufa, maana ufa mdogo ukipata joto hutanuka.

Mkataji hulilowesha jiwe ili ukwaruzi wa nje usizuie mwanga, akaligeuza taratibu juu ya karatasi nyeupe na kutia alama ya kalamu mahali buluu inapokolea. Uso mpana wa juu, uitwao meza, ndio utakaoelekezwa huko. Umbo la fuwele mara nyingi halikubali: meza ikielekea zambarau kito hutoka kikubwa, ikielekea buluu uzito mwingi huishia kuwa tope kwenye diski. Muuzaji wa karati ana sababu ya kuchagua uzito. Mtu wa burudani hana, na kwake buluu ndiyo chaguo la haki. Ila jiwe likiwa dogo sana, rangi huwa imepauka pande zote, na kulipunguza zaidi kwa kufuata buluu hafifu ni hasara tupu. Rangi nzito ni ya mawe makubwa, hasa yanayozidi karati 5.

Kuna sharti la pili. Tanzanite ina mwelekeo mmoja ambao hupasukia kirahisi, kama kuni inavyofuata nyuzi zake. Uso wowote wa kito ukilala sambamba na mwelekeo huo hautang'aa: utachubuka kila ukiguswa na diski. Dawa yake ni kuliinamisha jiwe zima digrii chache wakati wa kulibandika, hata kama buluu itapungua kidogo.

Kubandika hufanywa kwenye kijiti cha chuma, kwa gundi ya epoksi. Wakataji wa zamani hutumia nta ya moto, lakini tanzanite haivumilii mabadiliko ya ghafla ya joto, hivyo gundi baridi ni salama zaidi.

Sehemu ya chini hukatwa kwanza. Mwanga ukiigonga kwa pembe iliyo chini ya digrii 36 hivi, hupenya na kutokea nyuma badala ya kurudi kwa mtazamaji, na katikati ya kito huonekana tundu lililopauka ambalo wakataji huliita dirisha. Ndiyo maana nyuso kuu za chini huwekwa karibu na digrii 40. Vito vingi vya biashara vina dirisha kwa sababu mkataji aliogopa kupoteza uzito.

Gia ya mashine, inayogeuza kijiti kwa hatua sawa, mara nyingi huwa na meno 96. Kwa mkato wa duara, nyuso kuu 8 hukatwa kwenye jino la 96, 12, 24 na kuendelea, na nyuso ndogo 16 za ukingoni kwenye 3, 9, 15 na kuendelea. Diski ya almasi namba 600 hutoa umbo, 1200 hunyoosha, 3000 hulainisha, maji yakidondoka wakati wote. Kipimo cha kazi nzuri ni ncha: nyuso zinazopakana zikutane kwenye nukta moja. Uso mmoja ukizidi kwa unene wa unywele, ncha huhama, na majirani zake wote lazima wakatwe tena.

Kung'arisha hufanywa kwa unga laini wa almasi au wa oksidi ya alumini, kwa mwendo wa polepole na mkono mwepesi. Ugumu wa tanzanite, kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, hutofautiana kwa mwelekeo, hivyo uso mmoja hung'aa kwa dakika moja na jirani yake ukagoma. Kubadili upande ambao diski inaugusa uso huo mara nyingi hutosha.

Kisha jiwe huhamishiwa kijiti cha pili ili taji, yaani sehemu ya juu, likatwe kwa hatua zilezile, nyuso zake kuu zikiwa karibu na digrii 35, na meza humaliziwa kwa adapta ya digrii 45. Gundi hulainishwa kwa asetoni bila kuharakisha kwa moto. Kito huoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni. Mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti haifai, kwani mtikisiko wake unaweza kulipasua jiwe lililokwisha kukamilika.