Istilahi za Useremala katika Mafunzo Mafupi: Uhakiki

Mafunzo mafupi ya useremala na matengenezo ya nyumba si jambo geni nchini. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 ili watu wazima wapate maarifa na stadi za kazi karibu na kwao, na mwaka 1994 Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ikaunda VETA. Lakini mafunzo ya majuma machache hayana nafasi ya kurudia somo kwa sababu ya neno baya. Kwa hiyo tumeona yafaa kuhakiki lugha ya makaratasi machache ya wakufunzi yaliyotufikia kutoka wilaya za Ngara na Biharamulo. Huko wanagenzi wengi huzungumza Kihangaza au Kishubi nyumbani. Hujifunza useremala, na Kiswahili cha useremala, kwa wakati mmoja.

Kosa la kwanza ni kutumia neno moja kwa vitu vingi. Karatasi moja yamwagiza mwanagenzi aondoe kufuli la mlango, alisafishe na kulirudisha. Mwanagenzi atatafuta kufuli la kuning'inia, hali mwandishi alikusudia kitasa. Mbele kidogo, neno hilohilo limewekwa mahali pa komeo. Kufuli hutundikwa, kitasa hufungwa mlangoni kwa ufunguo wake, komeo husukumwa. Hivyo ni vitu vitatu, na kila kimoja kina matengenezo yake. Mfasiri ameipunguzia lugha utajiri ilionao.

Hali kadhalika neno "kipimo". Timazi huonyesha kama mwimo wa mlango umesimama wima; pimamaji, kama kizingiti kimelala sawasawa; guni, kama pembe ni mraba. Mlango ukikwaruza sakafu, fundi hana budi kujua aanze na kifaa kipi. Karatasi inayosema tu "tumia kipimo" haijamfundisha kitu.

Hata hivyo, si haki kuwalaumu watafsiri peke yao. Sisi wa istilahi tunayo sehemu yetu. Kamusi zimeandika parafujo, lenye asili ya Kireno, na skrubu, lililotokana na Kiingereza. Karatasi mojawapo yatumia la kwanza katika ukurasa wa mwanzo na la pili katika ukurasa wa tatu, pasipo maelezo. Mwanagenzi atadhani ameambiwa anunue vitu viwili. Hatupingi kukopa: randa lina asili ya Kiajemi, na hakuna seremala anayelionea ugeni. Wala hatudharau maneno yaliyozaliwa kazini: msasa ni jina la mti ambao majani yake makavu yalitumika kulainishia mbao, kabla ya karatasi ya dukani kurithi jina hilo. Tunachopinga ni kuyaacha maneno mawili yashindane mbele ya mtu anayejifunza. Maoni yetu ni kwamba skrubu lishikwe, kwa kuwa fundi na muuza duka hulielewa, na parafujo litajwe mara moja tu kama kisawe.

Jambo hili si la wanaisimu pekee. Siku hizi fundi aliyejifunzia kazini aweza kupimwa na VETA ili ujuzi wake utambuliwe rasmi. Itakuwa aibu kwetu sote ikiwa mtu aliyekwisha tengeneza milango ya kijiji kizima atakwama kwa neno asilolijua, wala si kwa kazi asiyoiweza.

Basi twapendekeza kwamba kila karatasi ya mafunzo, kabla ya kupigwa chapa, isomwe kwa sauti mbele ya seremala, vifaa vikiwa mezani. Neno litakalomfanya anyooshe mkono na kushika kifaa kilichokusudiwa, libaki. Litakalomfanya aulize, lirudishwe kwetu tulitafutie dawa.