Fundi Anayepiga Hesabu Kabla ya Kununua Nozeli

Katika kazi ya kubadilisha injini, pongezi zangu ni za fundi anayepiga hesabu ya mafuta kabla ya kununua nozeli za kunyunyizia mafuta. Chukua injini ya 2JZ-GTE ya Toyota, yenye silinda 6 na turbo. Ukitaka nguvu ya farasi 300, bila nozeli kukaa wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, kila moja itoe takriban sentimita za ujazo 370 kwa dakika. Nozeli za 440, zilizokuja na injini hiyo katika soko la Japani, zinatosha. Za 1,000 zingehitaji kufunguka kwa muda mfupi mno injini ikinguruma bila kukanyagwa, na hapo kipimo huyumba.

Wapo wasemao kwamba nozeli zisipotosha, dawa ni kupandisha presha ya mafuta tu, kutoka bar 3 hadi 4. Fizikia haikubali: mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo 440 inakuwa kama 508, nyongeza ya asilimia 15, huku pampu ikipungukiwa uwezo kadiri presha inavyopanda. Tena turbo ikisukuma bar 1, regyuleta ya presha ya mafuta hulazimika kuongeza bar 1 ili nozeli ibaki na tofauti ileile. Wengine, badala ya hesabu, hutegemea sikio la uzoefu. Naliheshimu sana sikio hilo, lakini mafuta yakipungua chini ya mzigo mkubwa, pistoni inaweza kuharibika kabla fundi hajapata nafasi ya kuachia pedali.