Futi 130 za Euclid

Ukitaka kujua mji umeamuaje kiwanda kikae wapi na duka likae wapi, anza na vipimo vya ramani. Maneno ya sheria yatafuata. Tarehe 13 Novemba 1922, baraza la Kijiji cha Euclid, kiunga cha jiji la Cleveland katika jimbo la Ohio, Marekani, lilipitisha sheria ndogo iliyopangia matumizi kila kipande cha ardhi kijijini. Shamba la ekari 68 la kampuni ya Ambler Realty likakatwa mara tatu. Futi 620 za kwanza kutoka barabarani zikawa za nyumba za familia moja au mbili. Futi 130 zilizofuata, karibu mita 40, zikawa za nyumba za ghorofa za kupangisha na majengo ya umma. Sehemu yote iliyobaki ikawa ya viwanda.

Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani iliipa sheria hiyo baraka zake, na miji mingi ya nchi ile ikapanga ardhi kwa mtindo huohuo. Kesi hii hufundishwa kama ugomvi kati ya mwenye mali na serikali. Kwangu mimi, uamuzi mzito kuliko wote uko katika ule ukanda mwembamba wa katikati, ambao mabishano ya mahakamani yaliupita haraka.

Euclid ya wakati ule ilikuwa na wakazi kati ya 5,000 na 10,000, katika eneo la maili za mraba 12 hadi 14, sehemu kubwa ikiwa bado mashamba na ardhi tupu. Barabara kuu ya kusini ilikuwa Euclid Avenue. Kaskazini yake, umbali wa futi 1,500 hadi 1,800, ilipita reli ya Nickel Plate, na futi nyingine 1,600 mbele yake ikapita reli ya Lake Shore. Shamba la Ambler lilikuwa kati ya Euclid Avenue na ile reli ya kwanza, upande wa magharibi wa kijiji, yaani upande unaopakana na Cleveland, ambako viwanda vilikuwa vikisogea mashariki mwaka hadi mwaka. Mfanyabiashara yeyote angeitamani ardhi hiyo: mizigo ishuke kwa reli huku nyuma, wafanyakazi na wateja waingie kwa barabara huku mbele. Tatizo ni kwamba pande zake mbili, mashariki na magharibi, zilikuwa zimeshapimwa viwanja vya makazi na watu walikuwa wameshajenga.

Baraza lilijibu kwa madaraja sita ya matumizi, U-1 hadi U-6, na juu yake likaweka madaraja matatu ya urefu wa majengo na manne ya ukubwa wa eneo la kujengea. Daraja la urefu la chini kabisa liliishia futi 35, la juu futi 80. Kwa upande wa matumizi, U-1 ilikuwa ya nyumba za familia moja na U-2 ikaongeza nyumba za familia mbili. U-3 ikaongeza nyumba za ghorofa za kupangisha, hoteli, makanisa, shule, maktaba na hospitali. U-4 ikaleta benki, ofisi, mikahawa, kumbi za sinema, maduka ya rejareja na baadhi ya maduka ya jumla. U-5 ikaleta maghala, viwanda vya barafu, madobi, gereji za matengenezo na masoko ya jumla ya mazao. U-6 ikabeba mzigo wote uliobaki: matanuri ya kuchomea taka, mitambo ya majitaka na ya gesi, vyuma chakavu, magereza, makaburi, na uzalishaji wa kiwandani wa kila aina, isipokuwa ule uliopigwa marufuku kabisa kijijini.

Walioandika madaraja hayo walijua kazi yao. Tazama walivyoshughulikia biashara. Kituo cha mafuta kiliruhusiwa katika U-4 mradi akiba yake isizidi galoni 1,000. Zizi na banda la magari viliruhusiwa hapohapo mradi farasi, mikokoteni au malori yasizidi matano; yakizidi, unahamia U-5. Hawakuuliza tu mtu anafanya biashara gani. Waliuliza pia biashara hiyo itasababisha msongamano, moto na kelele kiasi gani, kisha wakaweka namba ambayo mkaguzi wa majengo anaweza kuihakiki kwa macho yake bila kumwita mtaalamu. Halmashauri nyingi bado huandika "biashara ndogondogo" bila kusema ndogo ni kiasi gani, halafu zinashangaa migogoro inapozuka. Katika hili Euclid inastahili sifa.

Kasoro iko mahali pengine. Madaraja yale yalikuwa ya kulimbikizana: kinachoruhusiwa juu kinaruhusiwa pia katika kila daraja la chini yake. Nyumba ya familia moja ililindwa dhidi ya kiwanda ikiwa imejengwa U-1. Ikijengwa U-6, jirani na tanuri la taka, sheria haikuizuia wala haikuilinda. Maana yake ni kwamba kinga haikutolewa kwa mwanadamu anayelala ndani ya nyumba, ilitolewa kwa eneo. Aliyemudu kiwanja cha juu alipata hewa safi kwa amri ya sheria. Asiyemudu aliachiwa bahati yake.

Ambler haikuwa na shida na jambo hilo. Ilichoona ni hesabu. Kwa madai yake, ardhi ile ikiuzwa kwa viwanda ingefika dola 10,000 kwa ekari, lakini kwa makazi isingezidi dola 2,500. Futi 200 za mbele, zinazotazamana na Euclid Avenue, zingeuzwa kwa dola 150 kwa kila futi ya upande wa barabara kama maduka yangeruhusiwa. Bila maduka, zisizidi dola 50. Wakili wake alikuwa Newton D. Baker, aliyewahi kuwa meya wa Cleveland na kisha Waziri wa Vita wa Rais Woodrow Wilson. Kampuni haikuomba kibali cha kujenga, wala haikwenda kwenye bodi ya rufaa ya kijiji kuomba mpaka ulegezwe. Ilikwenda moja kwa moja mahakamani kutaka sheria yote ifutwe, ikisema kuwepo kwake tu kumeshusha bei na kufukuza wanunuzi.

Mwanzoni mbinu hiyo ilifanikiwa. Mwaka 1924 Jaji David C. Westenhaver wa mahakama ya wilaya ya shirikisho aliitupa sheria ya Euclid. Alieleza wazi kile ambacho ramani ilikinyamazia: mwisho wa yote, matokeo yake ni kuwapanga watu katika makundi na kuwatenganisha kwa kipato na hali zao za maisha. Alikumbuka pia kwamba mwaka 1917 Mahakama ya Juu ilikuwa imekataza kutenga mitaa kwa rangi ya ngozi, na akauliza inakuwaje lengo jingine la kuwatenga watu lipite. Nadhani aliiona sehemu muhimu ya kesi kuliko waliomfuata.

Katika Mahakama ya Juu mambo yaligeuka. James Metzenbaum alikitetea kijiji, na Alfred Bettman, mwanasheria wa Cincinnati aliyebobea katika mipango miji, akawasilisha hoja kama rafiki wa mahakama. Bettman hakuhangaika na shamba la Ambler. Alieleza kwa nini mji mzima unahitaji mpango mmoja kabla madhara hayajatokea, badala ya kungoja kila jirani amshtaki mwenzake kwa moshi na kelele. Kwa kuwa Ambler yenyewe ilikuwa imeishambulia sheria nzima badala ya mpaka wake, mahakama ilipata nafasi ya kuijibu kwa ujumla. Tarehe 22 Novemba 1926, kwa kura sita dhidi ya tatu, Jaji George Sutherland aliandika kwamba ikiwa uhalali wa mgawanyo unaweza kubishaniwa kwa hoja za msingi pande zote mbili, uamuzi wa watunga sheria ubaki. Kipimo hicho ndicho kinachowapa madiwani nguvu kubwa hadi leo: hawalazimiki kuthibitisha kwamba mstari wao ndio bora, inatosha usiwe wa kiholela.

Sutherland alitaja hatari za moto, wingi wa magari, kelele zinazoharibu mishipa ya fahamu, na watoto wanaokosa mahali pa kucheza. Kisha akageukia nyumba za ghorofa. Aliandika kwamba mara nyingi ni kimelea tu, zinajengwa ili kunyonya uzuri wa mtaa uliojengwa na wengine, halafu zinawaziba jirani jua na hewa. Soma sasa ramani pamoja na hukumu. Watoto wa nyumba za familia moja au mbili walipewa futi 620. Watoto wa ghorofani, ambao nao wana mishipa ya fahamu, walipewa ukanda wa futi 130 ulioshikana na U-6. Na kwa kuwa shule na hospitali zilikuwa daraja moja na nyumba hizo, mahali pa kwanza ambapo mwanafunzi au mgonjwa angeruhusiwa katika shamba lile ni mlangoni mwa kiwanda. Sababu zote za afya zilizotumika kuukinga upande mmoja wa ukanda zilisahauliwa upande wa pili.

Hoja nyingine ya Ambler ilikuwa kwamba kijiji kinazuia viwanda visifuate njia yake ya kawaida kutoka Cleveland. Mahakama ilijibu kwamba Euclid ni mamlaka kamili yenye haki ya kuamua mwelekeo wake, ingawa iliacha mlango wazi kwa siku ambayo maslahi ya umma mpana yatazidi ya kijiji kimoja. Viunga vingi vimeushika huo mwanzo wa sentensi na kuuacha mwisho wake.

Miaka miwili baadaye, Sutherland huyohuyo aliandika hukumu ya kesi ya Nectow, kutoka Cambridge, Massachusetts. Safari hii mwenye ardhi alileta mstari mmoja tu: ukanda wa futi 100 za kiwanja chake uliowekwa kwenye makazi, huku jirani kukiwa na kiwanda cha kuunganisha magari ya Ford na kiwanda cha sabuni. Mtaalamu aliyeteuliwa na mahakama alikuwa amepima na kukuta mstari ule haumsaidii mtu yeyote. Mji ulishindwa. Mpango mzima hujitetea kwa urahisi kwa sababu faida zake ni za jumla; mstari unaopita katikati ya kiwanja hauna pa kujificha. Baker angeleta kipimo cha mita 40 peke yake, huenda tungekuwa na hukumu nyingine.

Shamba la Ambler lilibaki tupu kwa miaka mingi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kikajengwa hapo kiwanda cha magurudumu ya kutulia ya ndege, na baada ya vita General Motors ikakichukua kwa kazi ya bodi za magari. Anwani yake ilikuwa Euclid Avenue.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba zana ya kurekebisha kosa ilikuwa tayari mikononi mwa baraza. Kati ya U-3 na U-6 sheria ilikuwa na madaraja mawili yaliyoandikwa kwa umakini mkubwa, moja la ofisi na maduka, jingine la maghala na karakana, shughuli ambazo nyingi hufungwa usiku na hazihitaji bomba la moshi. Katika shamba lile ramani iliyaruka yote mawili, ikatoka shule kwenda tanuri la taka kwa hatua moja. Makazi na ghorofa vilichukua futi 750. Hata tukichukua kipimo kifupi cha 1,500 hadi relini, zilibaki 750 nyingine za viwanda. Zikitolewa 200 kwa ofisi na maghala, kiwanda kingebaki na 550, reli ikiwa palepale mgongoni mwake.