Banki si gishe tu

Bandugu, tangazo la kazi ya banki likitoka hapa Likasi, sisi wenye lisansi tunakimbia na dosye mkononi. Uliza mutu anataka kufanya nini kule ndani, atakujibu: gishe. Kravati, klimatizere, kuhesabu makuta. Hapo ndipo siko pamoja nasi.

Gishe ndiyo kazi inayopungua. Mama wa soko anaweka na kutoa makuta yake kwa ajenti pembeni ya duka, hata banki haingii. Kinachobaki kigumu ni kujua nani anaweza kukopeshwa, na atalipa lini.

Nilifanya stazi katika banki moja, nikaonyeshwa dosye ya mkulima wa mahindi. Mkopo umetoka Desemba, malipo ya kwanza Januari. Mahindi gani hayo? Huku tunapanda mvua ikishika, Novemba ao Desemba, tunavuna Aprili na Mei. Ofisa wa krediti alikuwa mchumi wa kweli, hesabu zote sawa, ila shamba hakulijua. Mkulima aliuza mbuzi.

Na matangazo nayo yanakosea, yanapotaka uchumi ao finansi peke yake. Equity, iliyonunua BCDC mwaka wa 2020, ilianza Kenya mwaka wa 1984 kwa kukopesha watu wa kipato kidogo. Watu hao huku kwetu ni nani, kama si wakulima?

Barua yangu mpya haisemi tena "naomba kazi yoyote". Nimeweka ndani kalenda ya mahindi, gharama ya mbolea kwa hekta, na mkopo unaolipwa Juni. Jibu bado.