Kila Samaki na Mshipi Wake

Mvuvi wa mshipi huanza kuvua akiwa bado nchi kavu. Kabla ngalawa haijasukumwa majini na tanga halijatwekwa, ameshaamua anamfuata samaki gani, na uamuzi huo anao mkononi, umeviringwa kwenye kibao: unene wa nailoni, ukubwa wa ndoana, uzito wa chubwi, waya au bila waya. Akishafika mwambani hana nafasi kubwa ya kubadili. Mwenye wavu huenda baharini kuuliza kuna nini leo. Mwenye mshipi huenda kwa miadi.

Wapo watu, wakiwamo watoto wa wavuvi, wanaosema mshipi ni uvuvi wa asiye na mtaji. Kauli hiyo inaniuma. Ni kweli kwamba kwa fedha kidogo mtu atajipatia nailoni, ndoana na kipande cha risasi, akapanda mtumbwi wa jirani akaenda. Lakini urahisi wa bei hausemi lolote juu ya akili inayotakiwa katika kuchagua. Kutoka Moa mpaka Mkwaja, pwani yote hii ya mkoa wa Tanga ina wazee ambao ukiwatandikia mishipi kumi jamvini watakuambia kila mmoja ni wa samaki yupi na wa maji ya kina gani, na huu hapa, mwanangu, uweke mpaka kaskazi iingie. Ujuzi huo haumo kwenye kitabu chochote nilichokisoma, nami nausifu kwa sababu nimeuona ukifanya kazi.

Tuanze na changu, maana yeye ndiye anayewaumbua wanafunzi. Changu hukaa mwambani na kwenye majani ya bahari, mdomo wake mdogo, naye haparamii chambo. Hugusa, huacha, hurudi. Nailoni nene humtia shaka, na hata isipomtia shaka humnyima mvuvi habari, kwa kuwa mguso wa changu ni mwepesi mno kupanda pima kumi na tano za uzi mnene ukafika kidoleni. Basi mshipi wake huwa mwembamba, ndoana ndogo, chambo kipande cha ngisi au cha mnyiri wa pweza, kitu kigumu kisichonyofolewa kwa mara moja. Hapa wengi hukosea wakidhani ndoana ndogo ni ndoana dhaifu. Changu ana magego ya kusagia kaa na makombe. Ndoana ya waya mwembamba ataikunjua au ataivunja. Anayejua hutafuta ndoana fupi, ndogo kwa umbo lakini nene kwa waya, na palepale dukani huijaribu kwa kuiburuta ncha yake polepole juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza ni butu. Ikikwama pale ilipogusa, analipa.

Chewa ni jambo jingine kabisa. Huyu hana haraka na wala hapendi mizaha. Hukaa kwenye pango lake, na chambo kikipita karibu hufungua kinywa, maji na chambo vikaingia pamoja. Mshipi wa chewa ni mnene kuliko yote isiyo ya papa, ndoana yake kubwa, na chambo ni kibua mzima, tena aliye hai akipatikana. Unene huo si kwa ajili ya uzito wa samaki peke yake, ingawa jamaa wa chewa aliye mkubwa kuliko wote anaweza kufika kilo 400. Ni kwa ajili ya pima mbili za mwanzo. Chewa akihisi ncha hugeuka kurudi shimoni, na hapo hakuna kumlegezea: ni kuvuta bila kupumua mpaka ametoka kwenye mawe. Akiwahi kuingia hutanua mapezi na mashavu akajikaza ndani, na mshipi mwembamba utasagwa na mwamba mpaka ukatike. Aliyechukua mshipi mnene bado ana njia. Anaulegeza kabisa, anakaa kimya, anasubiri chewa aamini kwamba mambo yamekwisha na atoke mwenyewe.

Kuhusu chewa nina jambo linalonisumbua. Aina nyingi za chewa huanza maisha zikiwa majike, kisha baadhi yao wakikua hugeuka madume. Ndoana kubwa huwaacha wadogo, na hilo ni jema. Lakini mwamba ukivuliwa kwa ndoana kubwa mfululizo, wanaoondolewa ni madume, na majike wanabaki bila mwenzi mpaka mmoja wao ageuke. Wazee wawili watatu niliowasikia walikuwa na desturi ya kuupumzisha mwamba waliomtoa chewa mkubwa, wakahamia mwingine. Hawakuieleza kwa elimu ya viumbe. Walisema tu kwamba pale pameshatoa.

Nguru hafuatwi chini. Anatafutwa kwa kurambaza, ngalawa ikikimbia kwa upepo, mshipi mrefu ukiburutwa nyuma ya tezi, na mwisho wake chambo cha bandia: manyoya meupe ya kuku yaliyofungwa kwa uzi, kitambaa cheupe, au kipande cha nailoni ya mfuko kinachomeremeta. Hapa pana ufundi mwingi kuliko watu wanavyodhani. Chambo kikiwa kikubwa na kizito huzama na kuvuta vibaya. Kikiwa chepesi hurukaruka juu ya maji, na nguru hataki kitu kinachoruka ovyo, anataka samaki mdogo anayekimbia kwa hofu. Meno yake hukata nailoni yoyote, kwa hiyo lazima pawe na waya mbele ya ndoana. Waya mnene unaonekana, mwembamba mno unajikunja. Wengi huweka shubiri mbili au tatu za waya mwembamba mgumu na kuunyoosha upya kila baada ya samaki, maana waya uliopinda hukifanya chambo kizunguke, na mshipi wote utajisokota.

Nguru anapopiga, ngalawa inaenda mbele na yeye anaenda pembeni, na nguvu mbili hizo hukutana kwenye uzi. Lazima kitu fulani kilegee. Nailoni yenyewe inavutika kidogo. Wengine huongeza ukanda wa mpira wa ndani ya tairi kati ya mshipi na mrengu, ukanyooka badala ya uzi kukatika. Kilichobaki ni kazi ya mkono.

Mkono huo ndio ninaotaka kuuzungumzia. Katika nchi nyingine kazi yake imepewa fimbo. Ukivuka mpaka wa Kenya hadi Shimoni, au ukikutana na boti za wageni katika Mlango wa Pemba, utaziona fimbo za kuvulia zimesimama safu, kila moja na gurudumu lake la uzi, zikiwasubiri mbasi na nduaro. Huko Marekani na Japan wapo watu wanaotumia maisha yao kumtafuta bass mkubwa wa maji baridi, samaki ambaye kilo kumi kwake ni maajabu: George Perry alimpata wa namna hiyo huko Georgia mwaka 1932, na ilipita miaka 77 kabla Manabu Kurita hajamfikia, mwaka 2009, katika Ziwa Biwa. Wanaomfuata bass wa aina hiyo hurusha chambo cha bandia chenye umbo la samaki kamili, kizito hata gramu 200, na swali lao la kwanza dukani ni fimbo ipi itakayokibeba. Ikiwa laini yote, haitakirusha na wala haitaizamisha ndoana kwenye taya. Ikiwa ngumu yote, samaki akitingisha kichwa ndoana itauchana mdomo. Wanatafuta fimbo yenye shina gumu, kati inayopinda kwa kiasi na ncha yenye hisia.

Nilipoyasoma hayo niliwaona wavuvi wa kwetu. Shina ni bega na mgongo, vinavyomng'oa chewa pangoni. Kati ni kiwiko, kinachokunjuka nguru anapokimbia na kukunjika anapochoka. Ncha ni kidole cha shahada, ambako mshipi umelazwa juu ya kiungo cha kwanza, na hakuna ncha ya kaboni iliyotengenezwa mpaka leo inayoweza kutofautisha mguso wa changu, mguso wa kaa anayenyofoa chambo, na mshipi unaokwaruza jiwe kwa sababu maji yameanza kugeuka. Mwenye fimbo huchagua fimbo kulingana na chambo. Mwenye mshipi fimbo yake haibadiliki, amezaliwa nayo, kwa hiyo lazima achague kila kitu kingine kuendana nayo. Kijana mwenye mikono miepesi asipewe mshipi wa mzee ambaye kiganja chake kimeshaota sugu, utamkata. Mzee naye, kiganja kikishakuwa kigumu, huhamisha mshipi kidogo hadi kwenye ngozi laini ya ubavu wa kidole ili asikie.

Nailoni yenyewe ina historia ambayo Tanga haiwezi kuitazama kwa moyo mmoja. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliletewa miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Kutokana nayo yakaja mashamba, reli, bandari na kamba zilizofunga nusu ya dunia. Kisha katika miaka ya 1930 Wallace Carothers na wenzake, katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, wakatengeneza nailoni, na baada ya vita nyuzi za viwandani zikaanza kuila bei ya katani mpaka mashamba yakageuka vichaka. Lakini uzi uleule ndio uliomtoa mvuvi wetu kwenye mshipi wa pamba, uliooza, uliotakiwa kuanikwa kila akirudi, na ambao samaki aliuona. Nailoni haionekani sana majini na haiozi. Mkoa ulipata hasara, mwambani pakapatikana faida, na mara nyingi mambo hayo mawili yalizikuta familia zilezile.

Nailoni nayo ina maudhi yake, na kuichagua si kuinunua tu. Jua huila, kwa hiyo mvuvi mwangalifu hanunui kibunda kilichokaa kwenye kioo cha duka. Ikitoka kiwandani hubaki na mikunjo ya kibao, basi huloweshwa na kunyooshwa kati ya minazi miwili kabla haijaguswa na chumvi. Na kabla ya kila safari mshipi hupitishwa wote, polepole, kati ya ukucha wa kidole gumba na nyama ya kidole cha shahada. Ukucha hukwama penye mkwaruzo ambao jicho halioni. Hapo pima mbili hukatwa bila huruma na ndoana hufungwa upya, fundo likiloweshwa kwa mate kabla ya kukazwa, kwa sababu nailoni kavu ikijisugua hupata joto na kudhoofika palepale kwenye fundo. Nimewaona watu wakikataa kuzikata hizo pima mbili kwa kubana matumizi. Samaki mkubwa ndiye anayekuja kuwadai.

Risasi sitaisema sana. Wengi huiyeyusha kutoka betri kuukuu za gari na kuimimina kwenye mchanga. Wengine hufunga plagi iliyochoka. Kanuni ni nyepesi kabisa inayoweza kufika chini, na wakati wa bamvua hiyo huwa nzito, wakati wa maji mafu huwa ndogo. Penye mawe mengi ifungwe kwa uzi dhaifu kuliko mshipi, ili ikikwama ikatike yenyewe na samaki abaki.

Uzuri wa kazi hii yote huonekana zaidi ukiiweka kando ya uvuvi usiochagua. Kigombe, miaka ya 2000, majarife yaliyotegwa kwenye vilindi yalianza kumleta silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za kale mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Walioyatega majarife walikuwa wakitafuta papa. Hawakumtaka silikanti, hana soko, na hakuna njia ya kuliambia jarife limwache. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga kwa ajili yake. Wakomoro wao walimjua kwa mshipi: yule wa 1952, aliyethibitisha kwamba wa kwanza hakuwa wa bahati, alivuliwa na mtu mmoja kwa uzi na ndoana usiku, naye mtu huyo alijua kilindi alichokiteremshia.

Na baruti ndiyo mwisho wa kutochagua. Pwani yetu iliisikia milio yake kwa miaka mingi mno, ingawa Sheria ya Uvuvi ya 2003 inaikataza wazi, mpaka kikosi kazi cha vyombo mbalimbali vya serikali kilichoundwa 2015 kilipoanza kuwafuata wenye kuitengeneza na wenye kuiuza, na milio ikapungua. Baruti humuua changu, mtoto wa changu, chakula cha changu na nyumba ya changu kwa sekunde moja, na sehemu kubwa ya waliokufa huzama chini wala hawaokotwi.

Wanaoijua tofauti vizuri kuliko wote ni wachuuzi wa Deep Sea, soko la samaki la mjini Tanga. Samaki wa baruti ana uti wa mgongo uliovunjika na damu iliyovilia ndani, nyama yake hulainika kabla ya adhuhuri, naye mteja hatarudi tena. Kwa hiyo mnada ukifunguliwa asubuhi, mchuuzi mzoefu humshika changu kichwani, humbonyeza mgongo, humfunua shavu aone wekundu wa matamvua, kisha hutazama pembeni mwa mdomo. Akikuta tundu dogo la ndoana, hana swali jingine ila bei.